Eleza kwa Ufupi

Fomu ya mahakama ya familia, Punta Arenas,
ina mistari mitatu.
Juu yake wamechapa: Eleza kwa ufupi
kwa nini unaomba malezi ya mtoto peke yako.

Mstari wa kwanza nimeandika jina: Maite Oyarzún Vukasovic,
miaka saba na nusu. Hiyo nusu ni yake, hakubali iachwe.
Mstari wa pili nimeandika, nikafuta, nikaandika,
karatasi ikatoboka.

Leo upepo ni ule wa kufungiwa kamba.
Manispaa wamezifunga nguzo kwa nguzo
watu wazima washike, wasirushwe barabarani.
Mji mzima tunatembea tumeinama, tumeng'ang'ania,
na hakuna anayemuuliza mwenzake: Kwani hukuweza kusimama?

Mimi nimeulizwa.
Na dada yangu Yasna, na padri, na afisa wa ustawi
mwenye kalamu ya kubofyabofya:
Kwa nini ulikaa miaka tisa?

Nilikaa kwa sababu Jumapili alikuwa mwema.
Mkate wa asubuhi yeye ndiye aliyeufuata,
akaja nao kifuani, ndani ya koti, ungali moto.
Mtu aliyebeba mkate namna hiyo
utamwita jina gani?

Mtaani wanamjua. Fundi wa kivuko cha Porvenir,
mitungi ya gesi ya wajane huipandisha ngazi bila malipo.
Mashahidi wake kumi na mmoja, wamenyoa, wamechana nywele.
Mimi ninaye mmoja: mlango wa bafu,
uliobadilishwa bawaba mara tatu.
Wakili wangu, Ayelén, binti wa msaada wa kisheria,
anasema mlango hauwezi kuapishwa,
ila risiti za bawaba zinaweza kuambatanishwa.
Tumeziambatanisha.

Sasa la mtoto.
Maite hulala na viatu.
Sikumfundisha. Usiku mmoja nilifunua blanketi nimfunike vyema
nikaviona, kamba zake mafundo mawili mawili,
nikajua kwamba mimi nikiwa bado napima kina kwa unyayo
mwanangu alikwisha kufungasha.
Anajua ufunguo ukiingia polepole ni heri,
ukikwaruza ni shari.
Anajua kucheka na kuwahi kujiziba.

Lakini, mheshimiwa, sitadanganya ili nishinde:
anampenda.
Jana kaniuliza nani atamkazia mnyororo wa baiskeli.
Nikasema nitajifunza.
Kaitazama mikono yangu, kanyamaza.
Hilo nalo niliandike mstari upi?

Siombi baba yake afutwe.
Naomba saa mbili, Jumamosi,
chumba chenye dirisha na mtu wa tatu.
Naomba usiku wote uwe wangu,
na shule wapige simu yangu kwanza, homa ikipanda.
Na tafadhali, asije mtu hapo mbele kunisomea
habari ya fahali wawili wapiganao, ziumiazo nyasi.
Kwetu hapakuwa na fahali wawili.
Palikuwa na mmoja,
na nyasi mbili.

Karani amegonga kioo: Mama, tunafunga saa nane.
Nje kamba zinalia kwenye nguzo.
Mstari wa tatu bado mweupe.

Nimeandika: Nataka avue viatu.

Karani kasoma, karudia kusoma.
Hajauliza kitu. Kachukua muhuri,
kaushusha taratibu,
kama mtu anayefunga mlango
wa chumba ambamo mtoto ndiyo kwanza kapata usingizi.